Nikianziwa, Namalizia

Nchi ninayoisimulia ilikuwepo, na kama bado ipo si juu yangu kusema. Msomaji asijisumbue kuisaka kwenye ramani. Inatosha ajue kwamba haikuwa na pwani, ilikuwa na mto, na watu wake walizungumza Kinyumbani. Kwa lugha hiyo walichumbiana, waligombea mipaka ya mashamba, waliuziana mbaazi na walizikana. Watoto wao, hata hivyo, walifundishwa kwa Kidarasa, lugha iliyoachwa na wageni fulani waliokuja bila kualikwa na kuondoka bila kuifungasha. Nje ya shule Kidarasa hakikuzungumzwa na mtu yeyote, isipokuwa Bungeni, na huko nako hakikuzungumzwa bali kilisomwa kutoka kwenye karatasi. Sheria ilikuwa wazi: mwalimu atakayefundisha kwa Kinyumbani amehujumu uchumi wa taifa.

Siku moja Waziri wa Elimu, Mheshimiwa Profesa Sifuni Makuu, alizuru shule moja, akasimama mbele ya darasa na kuwauliza watoto, kwa Kidarasa kilichonyooka, ni somo gani wanalolipenda zaidi. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito hata Mheshimiwa akasikia tumbo lake mwenyewe likifanya kazi, sauti ambayo hakuwahi kuisikia katika utumishi wake wote wa umma. Alirudi mji mkuu akiwa amechafukwa. Jioni ile ile redio ya taifa ikatangaza kwamba kutoshiriki kwa wanafunzi darasani ni janga, na kwamba Serikali haitalivumilia.

Iliundwa tume. Tume ilisambaza dodoso nchi nzima kuwauliza wanafunzi kwa nini hawashiriki masomoni. Dodoso liliandikwa kwa Kidarasa, nalo likarudi tupu. Tume ikahitimisha, katika ripoti yenye jalada la ngozi, kwamba hali ni mbaya kuliko ilivyodhaniwa, kwa kuwa wanafunzi hawashiriki hata katika kueleza kwa nini hawashiriki. Mjumbe mmoja aliinua mkono na kuuliza kama pengine watoto hawaelewi kinachosemwa. Alishukuriwa kwa mchango wake na kuhamishiwa Idara ya Minara ya Kuongozea Meli, ambayo nimekwisha kudokeza kwamba nchi ile haikuihitaji.

Zikafuata semina elekezi katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, na humo ndimo mikakati ilimozaliwa. Kwanza madawati yalipangwa kwa duara, ili kila mtoto aone katika uso wa mwenzake kwamba hayuko peke yake. Kisha makofi yaliboreshwa: kofi la mvua, kofi la treni, na kofi la roketi, ambalo lilimalizika kwa watoto wote kuruka na ambalo liliua dawati moja katika kila wilaya. Kisha walimu waliagizwa kutabasamu, na wale waliokuwa hawajalipwa mishahara walipewa muda wa kujiandaa.

Lakini mkakati uliowatoa machozi wanasemina ulikuwa wa mwisho, nao haukuvumbuliwa hata kidogo; uliokotwa. Kila aliyewahi kuketi darasani katika nchi ile aliujua. Mwalimu hutamka nusu ya neno, akaliacha linaning'inia hewani, na darasa zima hulidaka na kulimalizia kwa wimbo. Mwalimu akisema nusu, watoto husema nusu, na wote hubaki na hisia kwamba neno zima limefika. Desturi hii ya uvivu Wizara iliipandisha cheo, ikaiita Mbinu Shirikishi ya Kumalizia, na kuagiza kwamba kuanzia muhula ule hakuna mwalimu atakayeruhusiwa kumaliza neno lake mwenyewe. Kila shule ilipewa mashine ya kutundika ukutani, kipimaushiriki, yenye mshale uliopanda kadiri sauti za watoto zilivyopanda. Mshale ukifika kwenye rangi ya kijani, elimu imetolewa.

Ilitolewa kwa wingi.

*

Katika mji wa Kingo, kando ya mto, palikuwa na shule ambamo darasa la sita lilifundishwa na Mwalimu Sikudhani, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye kufuata taratibu. Muhula ule mabomba ya mji yalikuwa yamekatika na watu wakarejea kuchota maji ya mto, na ugonjwa wa kuhara ukaanza kuchukua watoto wadogo. Kwa bahati, mtaala ulikuwa na somo la namna ya kumtibu mtoto anayeharisha. Mwalimu Sikudhani alilifundisha kama alivyoagizwa.

"Rekwati…" alisema.

"…shooolamu!" likajibu darasa.

"Rekwatisholamu ni sukarandi, salinati na hidro…"

"…muuusi!"

Mshale ukaruka hadi kijani. Katika jaribio, ambalo nalo lilikuwa la kumalizia, darasa zima lilipata alama zote. Aliyeongoza kuitikia ni msichana aliyeitwa Mboza, mwenye sauti ya kupasua bati.

Juma lililofuata Mboza hakuonekana. Mwalimu alipata habari kwamba nyumbani kwao kuna msiba, akajifunga kanga na kwenda. Mama yake Mboza, Bi Rehani, alikuwa na pacha wadogo, Kurwa na Doto. Kurwa alikuwa amezikwa asubuhi. Doto alikuwa amelala pajani mwa mama yake, macho yamezama, midomo imekauka.

"Pole sana, Bi Rehani."

"Tumepoa, mwalimu. Karibu ukae." Bi Rehani hakuinua uso. "Mwalimu, nataka kukuuliza, na usinikasirikie. Huyu Mboza alikuja hapa na karatasi yenye alama zote, akasema ni somo la kuhara. Nikafurahi. Kurwa alipozidiwa nikamwambia, haya mwanangu, tufanyeje? Akasimama pale mlangoni kama mlingoti."

"Nilijua, mama," Mboza alisema. Alikuwa ameketi juu ya kinu, anakwaruza vidole. "Nililijua lote."

"Ulijua, mbona hukusema?"

"Hakukuwa na wa kunianzia." Akamtazama mwalimu wake. "Mimi nikianziwa, namalizia."

Mwalimu Sikudhani aliinuka, akaingia jikoni, akauliza maji yaliyochemshwa yako wapi, sukari iko wapi, chumvi iko wapi. Akachanganya, akaonja, akamwonjesha Mboza, kisha akamkabidhi kijiko.

"Hii," alisema kwa Kinyumbani, "ndiyo rekwatisholamu."

"Hii?" Mboza alitazama kikombe. "Hii ni maji ya sukari na chumvi!"

"Ndiyo."

"Sukari tulikuwa nayo, mwalimu! Chumvi tulikuwa nayo!"

Wizara, hadi ninapoandika haya, haijatoa jibu la hilo. Mboza alimnywesha Doto kijiko baada ya kijiko mpaka adhuhuri, mpaka alasiri, na jua lilipokuwa linatua Doto alilia, na machozi yakatoka. Bi Rehani alipoyaona machozi yale naye akalia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

*

Kesho yake Mwalimu Sikudhani alifunga mlango wa darasa, akaweka juu ya meza chupa ya maji, kopo la sukari, chumvi na kijiko, na akafanya uhujumu uchumi.

"Nani nyumbani kwao kuna mtoto anayeharisha?" aliuliza kwa Kinyumbani.

Mikono ilipanda taratibu, kisha mingi. Aliwaeleza: maji lita moja, yamechemka na kupoa, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko, mpe mtoto kidogo kidogo, akitapika subiri, kisha umpe tena.

Darasa lilianza kufoka kama chungu kilichofunuliwa.

"Mwalimu, kijiko kiwe cha kilima au cha kufuta?"

"Cha kufuta."

"Mwalimu, kijiko cha kina Shomvi si kijiko, ni koleo!"

"Afadhali koleo," Shomvi alijibu. "Ninyi kwenu kijiko kimoja mnasubiriana kwa zamu kama kwa kinyozi."

"Mwalimu, chumvi ikizidi?"

"Unamdhuru. Onja: isizidi chumvi ya machozi."

"Na kama hakuna sukari?"

"Kuna uji mwepesi. Shomvi, nini?"

"Mwalimu, mbona siku ile ulisema dawa ni rekwati nini sijui? Bibi yangu nilimwambia inauzwa mji mkuu!"

Walicheka wote, na katika kicheko kile mlango ulikuwa umefunguliwa. Pale kizingitini alisimama Mkaguzi Mkuu wa Ushiriki, Bwana Kitunzi, suti ya kijivu, macho yameganda ukutani. Mshale wa kipimaushiriki ulikuwa umepita kijani, umepita mwisho wa sahani, umejikunja. Jambo hilo halikuwahi kutokea katika nchi ile.

Bwana Kitunzi aliketi nyuma. Katika ukaguzi wake wote hakuwahi kulazimika kusikiliza maneno, kwa hiyo kwa muda mrefu hakutambua kilichokuwa kikimtokea. Alitoka nje, akaipigia simu Wizara kutangaza ushindi, na Wizara, kwa furaha, ikatangaza redioni papo hapo kwamba darasa la sita la Kingo ndilo linaloshiriki kuliko yote nchini. Kisha akarudi kusikiliza zaidi. Msichana mmoja akasema kwamba mdogo wake alipewa maji yale akayatema usoni mwa shangazi, na shangazi akasema kumbe matamu. Bwana Kitunzi akacheka.

Ndipo alipojishika mdomo. Alikuwa mtu msomi, na alijua kwamba hakuna mtu aliyewahi kucheka kwa Kidarasa.

*

Shauri la Mwalimu Sikudhani lilisikilizwa mji mkuu, katika ukumbi wenye zulia jekundu. Waziri mwenyewe aliongoza, na kwa kuwa hapakuwa na mwandishi wa habari, kikao kiliendeshwa kwa Kinyumbani.

"Mwalimu," alisema Mheshimiwa, "hebu tusaidie sisi tusioelewa. Ulipatwa na nini?"

"Watoto walikuwa wanakufa, Mheshimiwa."

"Hilo ni suala la Wizara ya Afya. Sisi hapa tunazungumzia ushiriki."

"Walishiriki."

"Walishiriki mno!" Waziri aligonga meza. "Walishiriki kwa kuelewa! Mwalimu, mtoto anayeelewa somo la kuhara leo, kesho atataka kuelewa nini? Bajeti? Katiba? Taifa hili limejengwa juu ya Kidarasa. Mimi mwenyewe nilisoma kwa Kidarasa, na niangalie."

Wote walimwangalia.

"Mheshimiwa," Mwalimu Sikudhani alisema, "naomba utuambie, sisi tulio hapa, rekwatisholamu ni nini."

Palitokea kukohoa. Katibu Mkuu alifungua jalada na kulifunga. Waziri alirekebisha tai.

"Ni istilahi," alisema.

Mwalimu Sikudhani akasimamishwa kazi kwa muda usiojulikana. Ilibaki shida moja tu ya kiutawala. Ushindi wa darasa lake ulikuwa umekwisha kutangazwa redioni, na kilichotangazwa redioni katika nchi ile hakikanushwi, kwa sababu kukanusha ni kukiri kwamba kilisikika. Ikaamriwa kwamba watoto wa Kingo waletwe kwenye Siku ya Ushiriki, katika uwanja mkubwa, mbele ya Rais, wamalizie somo lao la kuhara kwa Kidarasa, na taifa lisikie moja kwa moja. Bwana Kitunzi alipewa kazi ya kuwanoa.

Aliwanoa kuanzia asubuhi hadi kengele ya kutoka. "Rekwati…" "…shooolamu!" Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye cheo. Alimchagua Mboza kuwa kiongozi kwa sababu ya sauti yake, na siku moja, darasa lilipotawanyika, alimwita kando.

"Binti, unampenda mwalimu wako?"

"Ndiyo."

"Basi nisikilize. Mkimalizia vizuri siku ile, nitasema neno kwa Mheshimiwa, na mwalimu wenu atarudi. Mkiharibu, hatarudi. Wala si kwenu tu, hatarudi kokote. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Vema. Na umejibu kwa Kinyumbani, lakini leo nakusamehe."

Mboza alikimbia moja kwa moja hadi kwa Mwalimu Sikudhani, ambaye sasa alikuwa anakaanga maandazi barazani kwake.

"Shikamoo, mwalimu! Utarudi! Amesema tukimalizia vizuri utarudi!"

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza." Mwalimu aligeuza andazi. "Doto hajambo?"

"Hajambo, amekuwa mkorofi. Ameng'ata sahani. Mwalimu, umesikia? Utarudi!"

"Nimesikia. Na huku Kingo, wangapi wameumwa mwezi huu?"

"Wameumwa, ila hawafi. Tumewaambia watu wote. Shomvi anazunguka na kile kikoleo chao anapimia watu sukari."

"Na kule chini ya mto?"

Maji yanateremka, na ugonjwa ulikuwa umeteremka nayo. Kila siku redio ilisema kwamba katika miji ya chini hali ni shwari, na kila siku malori yalipita Kingo yakiteremka huko na mbao za majeneza, zile fupi.

"Kule hakuna aliyewaambia," Mboza alisema.

"Wana mabango ya Wizara. Makubwa, ya rangi. Kwa Kidarasa."

"Mwalimu, mimi nifanyeje?"

Mwalimu Sikudhani aliopoa maandazi yote, akayapanga, akamfungia matatu kwenye gazeti.

"Mimi siwezi kukuchagulia, mwanangu. Ila mimi nina mikono, nakaanga. Sitakufa kwa kukosa chaki." Akamkabidhi. "Moja hapo ni la Doto, usilile njiani."

*

Siku ya Ushiriki ilikuwa na jua kali na bendi ya polisi. Uwanja ulijaa watoto waliosimama tangu alfajiri ili kuonyesha ari. Palikuwa na kofi la roketi la taifa zima, na watatu walizimia. Rais alilala kwa heshima, kofia ikiwa imeinamishwa mbele kidogo. Vipaza sauti vilitundikwa kila nguzo, na redio ya taifa, ambayo ilisikika hadi kijiji cha mwisho chini ya mto kwa sababu hapakuwa na redio nyingine, ilikuwa inarusha kila kitu moja kwa moja. Kipimaushiriki kikubwa kama nyumba kilisimama nyuma ya jukwaa.

Waziri alisoma hotuba ya Kidarasa kwa muda ambao sitaupima. Alieleza kwamba taifa linaloshiriki ni taifa linaloendelea, na kwamba linaloendelea linashiriki. Kisha akawageukia watoto wa Kingo, waliovalishwa sare mpya zenye bei bado shingoni, akanyoosha mkono kama mwongoza kwaya. Mboza alikuwa mbele, kipaza sauti kimeshushwa hadi kimo cha kinywa chake. Pembeni ya jukwaa Bwana Kitunzi alimtazama na kutikisa kichwa taratibu, kumkumbusha walivyokubaliana.

"Rekwati…" akaimba Waziri.

Mboza alimtazama Bwana Kitunzi. Akawaza, nadhani, juu ya chumba cha darasa na mwanamke mrefu ndani yake. Kisha akafumba macho.

"…ni maji!" alipaaza sauti kwa Kinyumbani. "Maji lita moja!"

Waziri alibaki na mkono hewani. Nyuma ya Mboza pakapita mnong'ono, na sauti ya Shomvi ikafuata, nyembamba na ya woga:

"Yamechemka na kupoa!"

"Sukari!" alisema Mboza.

"Vijiko sita vya chai!" likajibu darasa lote. "Vya kufuta!"

"Chumvi!"

"Nusu kijiko! Isizidi machozi!"

"Mpe…"

"Kidogo kidogo! Akitapika subiri, umpe tena!"

Fundi mitambo wa redio alikuwa na amri ya kukata matangazo iwapo kutasemwa jambo dhidi ya Serikali. Aliweka kidole juu ya swichi na kusikiliza, atambue ni wapi Serikali imetajwa. Akasikia maji. Akasikia sukari. Alisubiri. Watoto wakarudia tena toka mwanzo, na safari hii, kwa kuwa kila mtoto nchini alikuwa amefunzwa kwa bidii kudaka na kumalizia, uwanja mzima uliwadakia. Mshale wa kipimaushiriki ulikatika na kuanguka juu ya meza ya wageni waalikwa.

Kamati ya majaji ilikutana baadaye na kuandika kwamba jibu la Kingo halikuwa sahihi, kwa kuwa lililotakiwa ni "sholamu". Darasa lilipewa sifuri. Kombe lilipewa shule iliyoshika nafasi ya pili, ambayo ilikuwa ya mtoto wa dada yake Katibu Mkuu. Mwalimu Sikudhani alifukuzwa kazi rasmi, na barua ilimfikia akiwa na unga mikononi. Mboza alihamishwa shule, kisha akahamishwa tena. Mwezi uliofuata watoto waliokufa kwa kuhara katika miji ya chini walipungua hata maseremala wakalalamika, na Wizara ikatoa taarifa kwamba huo ni ushahidi wa mafanikio ya Mbinu Shirikishi ya Kumalizia.

Lakini hayo yote yalikuja baadaye. Mchana ule, wakati Mheshimiwa bado amesimama na mkono wake hewani akisubiri nusu ya neno lake, katika miji ambayo majina yake sikuwahi kuambiwa, wanawake waliokuwa wamewapakata watoto karibu na redio walikuwa wamekwisha kuinuka kutafuta kijiko.